Chawa wa Mitundu

Marietha Mughwai hakuwa na chuki na mtu. Kumchukia mtu ni lazima kwanza umwone kuwa ni wa maana, na katika Ulemo yote yeye alikuwa hajamwona wa namna hiyo. Alichokuwa nacho ni dharau, tena dharau ya kutosha kijiji kizima, kila mmoja na fungu lake. Simoni, mwenyekiti wa kikundi chao cha wakulima wa kunde, alidharauliwa kwa sababu alianza kupalilia wakati majani yamekwishafika magotini, halafu akasimama ukingoni mwa shamba kushangaa kwa nini mavuno ni haba. Esta, mweka hazina, alidharauliwa kwa umbea. Joseph, mume wake mwenyewe, alidharauliwa kwa kukubali. Miaka yote ya ndoa yao Joseph alikuwa amekubali kila alichoambiwa, na Marietha, ambaye asingevumilia kupingwa hata siku moja, hakuweza kumsamehe kwa hilo.

Sababu kubwa ya majivuno yake ilikuwa kunde. Kila mwaka, mvua ikikata kidogo mwezi wa pili, vidukari huingia mashambani. Watu wa Ulemo huwaita chawa wa kunde, na jina linawafaa: weusi, wadogo, wanang'aa, wanajibandika kwenye ncha changa na kwenye maua, wakafyonza mpaka jani likajikunja. Wakishiba wanatoa utomvu mtamu, sisimizi wanapanda kwa foleni kuulamba, na shamba zima linanata. Mashamba ya wenzake yalikuwa hivyo kila mwaka. La kwake halikuwahi. Chawa walitua, wakaonja, wakakaa siku mbili tatu wamenyong'onyea, kisha wakafa au wakaenda zao. Wenzake walipanda kunde nyeupe za kununua dukani. Yeye alipanda kunde za marehemu mama yake, Eliana: ndogo, za rangi ya udongo, zenye jicho jeusi.

Watu walimwomba mbegu, naye akawatazama tu. Katika ukoo wao mbegu ile haikuuzwa wala haikutoka nje. Mama alimpa binti, na binti akampa binti yake. Ikitokea mmoja amepotewa na mbegu, alimwendea dada yake kuomba, na dada hakuwa na ruhusa ya kukataa. Eliana alipokuwa anakaribia kufa aliigawa mbegu ya kibuyuni kwa binti zake wawili, nusu kwa Marietha, nusu kwa Catherine, mdogo wake, aliyeolewa Mitundu. Catherine alikuwa ameshapotewa na zake, akaja kuomba, akapotewa tena, akaja tena. Marietha alimpa, kwa kuwa mila ni mila, na kila mara alimpimia kwa kiganja huku akimweleza kasoro zake.

Mwaka huu, hata hivyo, kibuyu kilifunguliwa kwa sababu nyingine. Alikuja Anjali, binti wa mzee Jivraj mwenye duka la vitenge Singida mjini, ambaye badala ya kukaa dukani alisomea wadudu na sasa alikuwa mtafiti. Alisikia habari za kunde zisizoliwa na chawa, akafika Ulemo, akaketi na kikundi. Alisema mbegu ile ikizalishwa kwa wingi inaweza kugawiwa vijijini mpaka Nduguti, na itapewa jina. Marietha akauliza jina gani. Anjali akajibu, la mama yako, ukipenda. Kunde za Eliana.

Hapo ndipo Marietha alipovunja mila, wala hakujuta. Mama yake alikufa bila hata picha ya kutundika ukutani. Alimwaga kibuyu chote, hakubakiza punje, akapanda shamba zima la kando ya barabara ili kila apitaye alione. Siku ya wakulima ilipangwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, wageni wa wilaya waje, waone, mbegu ikubaliwe. Tangu siku hiyo hata mwendo wake ulibadilika. Alitembea kijijini kama mtu anayesubiri kupishwa njia.

Mwezi wa pili Anjali alirudi, na usoni alikuwa na habari mbaya. Alimwamkia shikamoo vizuri, akaketi kwenye kigoda alichopewa, akasema ametoka Mitundu. Huko ameona kunde ile ile ya jicho jeusi, imeliwa na chawa mpaka shinani. Mwenye shamba anaitwa Catherine, na amesema mbegu ni ya mama yake wa Ulemo. Kwa hiyo, alisema Anjali, kabla ya kuigawa popote ni lazima mbegu ijaribiwe na chawa wa sehemu mbalimbali, na huenda jambo likangoja msimu mwingine.

Marietha alihisi hasira inampanda kutoka miguuni. Aliuliza kama chawa wa Mitundu wana pembe.

"Kwa macho ni wale wale, Mama Paulo," Anjali alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Lakini wadudu hawa wa huku kwetu wote ni majike. Hakuna dume. Mama anazaa binti bila mume, binti anazaa binti, na kila binti ni mama yake mtupu. Ndiyo maana kila ukoo unabaki na tabia zake. Ukoo wa Ulemo hauziwezi kunde zako. Ukoo wa Mitundu umeziweza."

Akaeleza kwamba kwenye kituo chao cha utafiti anafuga koo nyingi za namna hiyo, kila ukoo ndani ya kizimba chake cha chandarua, na wa kizimba kimoja wote wametokana na mama mmoja. Kuna waliookotwa kwenye kunde, waliookotwa kwenye karanga, waliookotwa kwenye miti ya uani. Ukimchukua wa mtini ukamweka juu ya kunde nono, anakufa njaa akiwa amekalia chakula. Wa kunde ukimhamishia kwenye karanga, pengine anaishi lakini hazai. Sura moja, matumbo mbalimbali, na hakuna kuoana kunakoweza kuwachanganya. Aliyasema hayo macho yakimng'aa, kama mama anayewasifia wanawe kwa jirani.

Marietha alimtazama juu mpaka chini. Aliwaza kwamba mzee Jivraj kapata hasara kubwa. Kamsomesha mtoto miaka na miaka, na mtoto karudi kuchunga chawa. Kupima vitenge kulikuwa na heshima zaidi.

"Chawa ni chawa, binti yangu," alimwambia. "Mitundu hakuna chawa wa ajabu. Kuna mdogo wangu Catherine, na Catherine ni mvivu. Ukitaka kumtafiti mtu, mtafiti huyo."

Anjali hakucheka wala hakukasirika. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtu asihamishe chawa kutoka kijiji kimoja kwenda kingine, hata kwa bahati mbaya, kwenye mboga au kwenye mzigo, maana mmoja peke yake anatosha kuanzisha kizazi. Marietha alijibu kuwa amesikia. Ni kweli alisikia. Masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Siku chache baadaye alipanda basi kwenda Mitundu. Njia nzima, kupitia Singida na Manyoni na Itigi, hakuzungumza na jirani yake wa kiti, aliyekuwa akila mayai ya kuchemsha na kutupa maganda chini. Alikuwa anapanga maneno. Catherine alimpokea mkoba, akamwamkia huku akicheka kwa furaha ya kumwona. Catherine alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hata misibani, baadaye, wakati wa kuosha vyombo. Uani kwake kuku walikuwa wanatembea juu ya nguo zilizoanikwa, na shambani mahindi, alizeti na kunde viliishi pamoja kama wapangaji. Marietha aliona vurugu tupu. Alikula kidogo, akasema ameshiba, akaomba kuonyeshwa kunde za mama.

Zilikuwa kwenye kona ya mbali, na zilikuwa nyeusi. Chawa walijipanga kwenye kila kikonyo na kila ganda, wamebanana, hakuna nafasi ya kuweka hata ncha ya sindano. Pembeni yake, majani yakigusana kabisa, kulikuwa na kunde nyeupe za dukani, mbichi, safi. Mtu yeyote mwenye macho angesimama hapo na kujiuliza swali. Marietha alikuwa na macho, ila wakati huo yalikuwa na kazi ya kutazama magugu.

Catherine alijaribu kumweleza. Alisema hawa si wale wa nyumbani, hawa wanazitaka kunde za mama tu, hizi nyingine hawazigusi, na si palizi, kwa sababu yeye alipalilia mara mbili, majani anayoyaona dada yameota na mvua ya juzi. Alisema pia kwamba amepotewa tena na mbegu na atashukuru akipata hata kiganja kimoja.

"Kibuyu ni kitupu, nimepanda zote," Marietha alisema. "Na hata kingejaa. Mama alikosea kukugawia. Angeniachia mimi zote."

Catherine hakucheka. Alichuma jani moja, akalikunjakunja mkononi, akasema twende tukapike.

Asubuhi, Catherine akiwa jikoni anapuliza moto wa uji, Marietha alirudi kwenye ile kona. Alikata ncha moja iliyojaa chawa, akaifunga kwa kitambaa kibichi, akaitia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko. Mpango ulikuwa umekamilika kichwani. Angewaweka chawa hao kwenye shamba lake mwenyewe, wangekufa kama wenzao wote, na siku ya wakulima angesimama mbele ya wageni na kusema: hawa hapa chawa wenu wa Mitundu, niliwapa shamba langu lote wale, wamekufa. Jina la mama lingesafishwa, binti wa Jivraj angerudi kwenye vitenge vyake, na uvivu wa Catherine ungejulikana mpaka wilayani. Aliaga haraka, akasema gari halimngoji mtu.

Kesho yake Joseph alimkuta ameinama katikati ya shamba la kando ya barabara, anaifunga ile ncha kwenye mche wa kunde kwa uzi. Akauliza ni nini. Marietha akamweleza, kwa ufupi, kama unavyomweleza mtu asiyehitaji kujua. Joseph alikohoa, akasema, lakini mtaalamu si alikataza. Marietha akageuka kumtazama. Joseph akakubali.

Siku za kwanza mambo yalikwenda alivyotaka. Ile ncha ilinyauka, na chawa wachache waliohamia kwenye mche walijificha chini ya majani wametulia tuli. Marietha aliona ndiyo dalili ya kufa. Akawa anaitikia salamu za watu kwa ukarimu ambao haukuzoeleka, mpaka Esta akauliza wengine kama Mama Paulo anaumwa.

Halafu akaona sisimizi. Walikuwa wanapanda kwenye mche wake, foleni ya kwenda na foleni ya kurudi, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika shamba lile tangu alipokuwa msichana anamfuata mama yake na jembe. Aligeuza jani. Kila mama alikuwa amezungukwa na watoto wake, wamebanana naye, na watoto wenyewe walikuwa tayari wana matumbo. Akawasugua kwa kidole gumba, kidole kikawa cheusi. Akageuza jani la mche wa pili, kisha wa tatu. Nao walikuwepo.

Wakati huo bado ilikuwa ni miche michache. Angempigia Anjali simu siku ile, angeambiwa ang'oe katikati pale, achome, na shamba lingebaki. Simu ilikuwa ndani ya kanga yake, na ilikuwa na salio. Lakini ili kumpigia ingebidi aseme nimekosea, tena amwambie mtoto wa duka la vitenge, na neno hilo Marietha alikuwa hajawahi kulisema hata kwa mume wake. Alimwaga majivu. Alimwaga maji ya sabuni. Alitwanga majani ya mwarobaini usiku na mchana, akanyunyiza mpaka mikono ikanuka. Aliua wengi, hilo hakuna wa kumnyima. Tatizo la wadudu wale ni kwamba anayebaki mmoja hana haja ya kumsubiri mwenzake. Wakabanana, wakaota mabawa, wakahamia mstari wa mbele na mstari wa nyuma. Lile shamba alilolipanda kando ya barabara ili kila apitaye alione, kila apitaye aliliona.

Watu wakaanza kuuliza. Marietha akawajibu bila kupepesa macho kwamba chawa wametoka kwa Simoni, ng'ambo ya njia, kwa yule anayepalilia majani yakifika magotini. Kikundi kikakaa. Simoni alijikuna kichwa, akasema yeye hajui, labda ni kweli, kwake chawa wapo ila si wengi. Na kwa kuwa mbegu ile ilikuwa tumaini la kikundi chote, akajitolea kung'oa nusu ya kunde zake, upande wote unaotazamana na shamba la Marietha. Kunde za chakula cha nyumbani kwake. Marietha alisimama ng'ambo akimwangalia anang'oa pamoja na mke wake. Mtu mwingine angeona aibu. Yeye alimdharau zaidi, kwamba ni mwanaume gani anang'oa chakula cha watoto wake kwa neno la mtu mmoja. Siku hizo hakuwa analala vizuri, akasema ni joto.

Siku ya wakulima ilifika. Turubai lilifungwa, viti vya plastiki vikapangwa, wageni wa wilaya wakaja na kofia zao. Anjali alikuja na Catherine garini. Alikuwa amemwomba aje aeleze kwa mdomo wake mwenyewe mambo ya Mitundu. Catherine alishuka, akamwamkia dada yake shikamoo, halafu akaliona shamba. Tabasamu likafutika.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, wasikie wao wawili tu, "hao ni wa kwangu."

Marietha aligeuka kutazama wageni. Anjali alikuwa ameshaingia shambani, anageuza majani. Alivuka njia, akaenda kwenye kunde nyeupe za Simoni zilizobaki, akakaa huko muda mrefu ameinama. Aliporudi alisimama mbele ya watu. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na Marietha aliona huzuni ile ni ufidhuli mkubwa kuliko matusi.

"Hawa hawajatoka kwa mzee Simoni," Anjali alisema. "Kwake wapo wale wa siku zote, wachache. Hawa wanazila kunde za Eliana peke yake, na mimi nimewaona Mitundu tu. Kutoka Mitundu hawawezi kuruka wenyewe mpaka hapa. Kuna aliyewaleta."

Simoni aliinua kichwa. Watu walitazamana. Joseph alitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Ndipo Catherine aliposimama.

Alisema ni yeye. Dada yake alipokuja kumtembelea, alimfungia mboga ya majani ya kunde kwenye mkoba, maana huwezi kumwacha dada yako aondoke mikono mitupu. Hakuichambua. Dada hakujua lolote. Chawa watakuwa walikuwa mle. Aliomba radhi kwa mwenyekiti, kwa kikundi na kwa wageni, akabaki amesimama.

Hakukuwa na mboga yoyote. Marietha alikuwa wa kwanza kushangaa, lakini watu hawakuwa na sababu ya kushangaa. Esta alisonya. Mmoja wa nyuma akasema huyo ni mvivu hata wa kuchambua mboga. Mwingine akauliza ni mtu gani huyo anayemfungia dada yake chawa kama zawadi. Mwingine akasema afadhali marehemu hakuishi kuyaona, mtoto mwenyewe hana mbele wala nyuma. Marietha aliyatambua maneno yale yote. Alikuwa ameyasema kwa miaka, juu ya mtu huyo huyo, na aliyasema kwa ufundi zaidi. Hakuwahi kuyasikia yakitoka kwenye midomo ya wengine. Yalikuwa maneno ya watu wajinga.

Angeweza kukaa kimya. Jina lake lilikuwa limeokoka, Simoni hana la kumdai, na yeye angebaki dada mkubwa aliyeponzwa na wema wake. Ilikuwa ni kunyamaza tu. Lakini alichokuwa nacho moyoni hakikuwa shukrani. Catherine alikuwa amemhurumia. Catherine, wa kuku juu ya nguo, alikuwa amemtazama yeye, Marietha, akaona mtu wa kusaidiwa. Kudhalilika mbele ya wilaya nzima kulikuwa na nafuu kuliko kubebwa na Catherine. Akainuka.

"Anasema uongo," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kila siku kukaripia. "Catherine hajawahi kufikisha kitu chochote mahali popote, na hawa hakuwaleta yeye. Nimewakata mimi shambani kwake, nikawaficha kwenye kopo, nikawafunga kwenye mche wangu kwa uzi. Nilitaka mjue kwamba ni mvivu." Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe Simoni, kunde zako umeng'oa bure. Ungekuwa na msimamo usingeng'oa."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkaripia. Walimtazama tu, kwa utulivu, kama watu waliomaliza kumpima, kisha mmoja mmoja wakaangalia pembeni. Marietha aliijua sana namna ile ya kutazama. Akakaa.

Anjali aliuliza kama kuna mbegu iliyobaki nyumbani, maana maganda ya shambani yalikuwa matupu. Hakuna, Marietha alijibu. Catherine naye akatikisa kichwa. Mila ilisema aliyepotewa na mbegu amwendee dada yake, na sasa hakukuwa na dada wa kuendewa. Anjali alisema basi, hakuna cha kuandikwa jina, na shamba ling'olewe leo hii lote na kuchomwa. Akasema pole, Mama Paulo. Wageni wakala wali, wakapanda magari.

Jua lilipopungua makali Marietha alifunga kanga kiunoni, akaingia shambani. Alianzia mstari wa barabarani, ili waliobaki wamwone anafanya kazi. Aling'oa, akarundika, mikono ikawa myeusi na kunata. Baada ya muda alisikia mtu anang'oa kwenye mstari wa jirani. Ni Catherine, ameweka viatu pembeni, ameinama.

"Toka," Marietha alisema. "Nitang'oa mwenyewe."

Catherine aliendelea kidogo mpaka alipofika usawa wake. Akasimama, akajipangusa jasho kwa sehemu ya juu ya mkono, pale ambapo hapakuwa na chawa.

"Dada, mbegu mama alitugawia," alisema. "Hata kosa hutaki tugawane?"

Marietha alitafuta jibu. Maisha yake yote alikuwa na majibu ya kumpa Catherine, mengi, yamepangwa tayari, na sasa alipoyatafuta alikuta limebaki moja, akampa hilo. Alimwambia kwamba hajui hata kung'oa, anakata mashina juu juu, mizizi yote anaiacha ardhini, na kazi hiyo itabidi irudiwe.

Catherine alimtazama. Aliokota viatu vyake, akaenda navyo mkononi, miguu mitupu, mpaka kwenye gari la Anjali lililokuwa likimsubiri, na gari likaondoka kuelekea Singida.

Marietha alimaliza mstari wake. Kisha akaingia kwenye mstari wa Catherine, akapiga magoti, akaanza kuchimbua kwa vidole kutafuta mizizi iliyoachwa. Alichimbua kutoka mwanzo wa mstari mpaka pale Catherine alipoishia. Hakukuta hata mmoja.